Nani Atatandika Meza ya Bwana?

Mazungumzo ya ibada yaliyosomwa redioni. Masomo: 1 Mambo ya Nyakati 9:26-29 na 2 Timotheo 1:3-7.

Kama mama yuko jikoni na redio iko dirishani, tunamwomba asiizime. Na kama binti yake yuko karibu, amwite wakae pamoja, kwa maana maneno ya leo ni ya wao wawili. Akina baba nanyi msiondoke, kwa kuwa mwishoni tutawageukia.

Tutaanza kwa kuungama kosa letu wenyewe.

Katika parishi moja tuliyotumikia miaka iliyopita alikuwako mama mmoja mjane aliyeitunza Meza ya Bwana kwa zaidi ya miaka 20. Kila Jumapili ya Ushirika Mtakatifu tulipoingia kanisani tulikuta yote tayari. Kitambaa cheupe kimenyooka, kikombe kinang'aa, kisahani kimefunikwa, mkate na divai viko mahali pake. Sisi tulivaa kanzu yetu tukaanza ibada. Hatukuuliza hata siku moja ni nani aliyefua, wala alifua lini, wala sabuni ilinunuliwa kwa fedha ya nani. Tulikuwa kama mtoto mdogo anayedhani kwamba chakula hujipika chenyewe.

Siku moja ugonjwa ukampata mama yule ghafula, na baada ya wiki mbili tukamzika. Jumapili ya Ushirika ilipofika, mzee wa kanisa akatujia mbio vestri akasema, "Pasta, ufunguo wa sanduku haupo." Tukatafuta, hatukuuona. Mwishowe sanduku likafunguliwa kwa nyundo. Ndugu zangu, tulivyoviona mle vilitutia aibu. Vitambaa vilivyotumika mara ya mwisho, mama yule akiwa tayari mgonjwa, vilikuwa vimekunjwa vikiwa na unyevu. Vilikuwa vimeota ukungu, na madoa ya divai yalikuwa yameshika kabisa. Kikombe kilikuwa na weusi ndani. Na hapo hatukuweza kumlaumu marehemu, kwa sababu sisi wenyewe ndio tuliokipangusa kikombe kile kwa haraka siku ile, tukikimbilia ibada katika kanisa la pili.

Kijana mmoja akakimbia hadi kwenye mkahawa wa jirani, akaazima kitambaa cha plastiki chenye picha za maua. Tukakipangusa, lakini harufu ya chai haikutoka. Juu ya kitambaa hicho ndipo tulipoadhimisha Chakula cha Bwana siku ile.

Je, Bwana alitukataa kwa sababu ya plastiki? Hasha! Yeye aliyelazwa horini hashindwi kuwajia watu wake penye kitambaa cha mkahawa. Lakini baada ya ibada tulimwita binti wa marehemu, mama mwenye watoto wake mwenyewe, tukamwuliza kwa upole kama anajua mamake alivyokuwa akifanya kazi ile. Akainamisha kichwa. Akatujibu, "Pasta, mimi sijui. Nilipokuwa msichana mdogo niliangusha kile kisahani mara moja. Mama akaniambia mikono yangu haifai kazi ya Mungu. Tangu siku hiyo sikukaribia tena."

Ndugu msikilizaji, jibu lile halikutuacha tulale usiku ule. Mama mmoja mcha Mungu alikuwa amevipenda vyombo vya Bwana miaka 20, akavitunza kwa mikono yake, na katika muda huo wote binti yake mwenyewe alikaa mbali na Meza ile, akiamini kwamba mikono yake haifai. Nasi mchungaji wao tulikuwa tukipita hapo kila mwezi bila kuona neno.

Basi katika juma lile tulikwenda kwa jirani yetu, padri wa parokia ya Kikatoliki, tukamweleza shida yetu. Tunajua baadhi yenu mtasema, "Leo pasta anatupeleka Roma." Tulieni, wapendwa. Tulikwenda kuuliza namna ya kufua. Mtu mwenye kiu haulizi kisima ni cha ukoo gani. Padri yule alitupokea kwa wema, akatuambia, "Njoo Jumamosi asubuhi, uwaone wenye kazi."

Tulipofika Jumamosi tuliwakuta nyuma ya sakristia, chini ya mwembe, mama mmoja na binti yake wa miaka kama 13. Mbele yao palikuwa na mabeseni mawili, sabuni ya kipande, pasi ya makaa, na meza iliyotandikwa blanketi kuukuu. Tuliketi juu ya jiwe tukawatazama.

Mama alianza kwa kumwuliza binti, "Hiki ni nini?" Binti akajibu, "Ni korporale, mama." Hicho ni kitambaa cha mraba ambacho padri hukikunjua juu ya altare, na juu yake huwekwa kalisi, yaani kikombe cha divai, na patena, yaani kisahani cha mkate. "Na kwa nini kinakunjwa mara tatu hivi na mara tatu hivi?" Binti akasema, "Ili makombo yakianguka yabaki ndani, yasimwagike chini." Kisha akamwonyesha kitambaa kidogo chenye msalaba katikati. Hicho ndicho cha kupangusia kikombe. Mama hakusoma katika kitabu chochote. Aliuliza, binti akajibu, na huku mikono yao wote wawili imo katika kazi.

Halafu wakavitia vitambaa katika beseni la kwanza, maji baridi bila sabuni. Wakavisuza kwa mikono, polepole. Maji yale hawakuyamwaga mferejini. Binti aliyachukua mpaka chini ya ua la waridi kando ya ukuta, akayamimina pale ardhini. Ndipo wakaingia katika beseni la pili, kwa sabuni, kama nguo nyingine zote.

Tunapaswa kusema kweli hapa, wala tusifiche tofauti. Wakatoliki hufundisha kwamba mkate na divai hugeuka kuwa mwili na damu ya Kristo. Kwa sababu hiyo wanaogopa hata kombo moja lisikanyagwe, na maji ya kwanza huyarudisha ardhini au huyamimina katika bomba maalumu la sakristia linaloshuka moja kwa moja udongoni. Maelekezo yaliyotoka Roma mwaka 2004 yanausifu utaratibu huo. Sisi Waanglikana, katika Kanuni zetu 39, hatufundishi fundisho hilo la kugeuka. Lakini tusiseme kwa haraka kwamba usafi wa Meza ni jambo la Kirumi. Kitabu chetu cha Sala cha mwaka 1662 kinaagiza kwamba wakati wa Ushirika Meza iwe na kitambaa cheupe cha kitani kilicho safi. Kinaagiza tena kwamba mkate na divai vilivyowekwa wakfu vikibaki, vifunikwe kwa kitambaa safi, na baada ya baraka viliwe na kunywewa kwa heshima, visitolewe nje ya kanisa. Tofauti za mafundisho ziko, lakini uzembe si fundisho la kanisa lolote.

Turudi chini ya mwembe. Vitambaa vilipokaribia kukauka, binti alichukua pasi. Nadhani alitaka kutuonyesha sisi wageni kwamba anajua. Aliiweka pasi juu ya kitambaa mara moja, na tukasikia harufu. Alipoiinua palikuwa na alama ya kahawia, kubwa kama jani la mchungwa. Binti akashika kinywa chake. Akamtazama mama, na machozi yakaanza kumlengalenga.

Tukangoja, wala hatukupumua. Tulikuwa tukikikumbuka kisahani kilichoanguka katika kanisa letu.

Mama yule aliiweka pasi kando. Akakishika kitambaa, akakigeuza, akasema, "Hiki sasa kitakuwa cha kufundishia. Lete kile kitambaa kikuukuu." Binti akaleta. Mama akamwambia, "Kila mara pasi ianze hapa. Kikuukuu kikiungua, hakuna neno. Kikitoka salama, ndipo uende kwenye kizuri. Mimi nami niliunguza viwili kabla sijajua." Kisha akampa pasi ile ile mkononi mwake, na kitambaa kingine cheupe, akasimama nyuma yake. Binti akapiga pasi huku mkono ukitetemeka. Kikatoka safi.

Wapendwa, tumesoma chuo cha theolojia, tumekaa darasani chini ya walimu wengi. Lakini siku ile mama mwenye pasi ya makaa alitufundisha namna ya kulea. Heshima kwa vitu vya Mungu haimwingii mtoto kwa kufukuzwa mbali navyo. Humwingia akiwa karibu, mkono wake kando ya mkono wa mama, hata kama ataunguza kitambaa kimoja. Wahenga walisema, "Mtoto akibebwa hutazama kisogo cha nina," yaani cha mama yake. Hawezi kukitazama asipobebwa. Je, mabinti zetu wanaona nini, ikiwa kazi njema tunaifanya peke yetu, mlango umefungwa na ufunguo uko shingoni?

Padri alipotusindikiza alituambia jambo lingine. Alisema kwamba zamani mama yule asingeruhusiwa kuifanya kazi yote ile. Sheria za Kanisa lao za mwaka 1917 ziliagiza kwamba korporale na vitambaa vya kikombe vilivyotumika visuzwe kwanza na mtumishi mwenye daraja takatifu, ndipo wapewe wengine kuvifua, hata kama ni watawa. Kikombe chenyewe hakikuguswa na mtu yeyote tu. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliomalizika mwaka 1965, mambo yalianza kubadilika, na Sheria mpya za mwaka 1983 hazina tena katazo hilo. Basi mama yule anafua leo kazi ambayo bibi yake aliitazama kwa mbali.

Akatusimulia pia habari ya Klara wa Assisi, katika nchi ya Italia, aliyefariki tarehe 11 Agosti 1253. Wakati ule mhubiri Fransisko wa mji huo huo aliwaandikia makasisi barua akihuzunika kwa sababu ya vikombe na vitambaa vya altare vilivyoachwa vichafu. Klara naye aliugua miaka mingi, akashindwa kutembea vema. Lakini alipokuwa kitandani aliwaomba dada zake wamwinue na kumtegemeza mgongo, akasokota nyuzi. Kwa nyuzi hizo zilitengenezwa korporale, seti zaidi ya 50, zikapelekwa kwa makanisa maskini ya bondeni na milimani kandokando ya Assisi. Dada waliokaa naye walishuhudia habari hiyo mwaka ule ule aliofariki.

Na katika nyumba ile walikuwemo ndugu zake wawili wa tumbo moja, Agnes na Beatrice. Hata mama yao mzazi, Ortolana, alikuja baadaye akakaa humo chini ya uongozi wa binti yake. Mnaona, akina mama? Iko siku binti humfundisha mama. Kwa hiyo mama asione haya kusema, "Mwanangu, nionyeshe." Kazi ya Mungu haina aibu ya umri.

Sasa na tuifungue Biblia, tuone kwamba mambo haya si mageni.

Katika Kutoka sura ya 35 tunaambiwa kwamba hema ya Bwana ilipotengenezwa, wanawake wenye ustadi walisokota kwa mikono yao wenyewe, wakaleta nyuzi za rangi na kitani, na wengine wakasokota singa za mbuzi. Musa hakuidharau kazi ile wala hakuipita kimya. Imeandikwa pamoja na dhahabu na vito vya wakuu. Katika 1 Samweli sura ya 2, Hana alimshonea mwanawe Samweli kanzu ndogo, akampelekea mwaka kwa mwaka huko Shilo. Kila mwaka ilimpasa akumbuke kwamba mtoto amekua, akaongeza kipimo. Hiyo nayo ilikuwa sala, sala ya sindano na uzi.

Na somo letu la kwanza, katika 1 Mambo ya Nyakati sura ya 9, linataja Walawi waliowekwa juu ya vyombo vya utumishi. Kazi yao ilikuwa nini? Kuvihesabu vinapoingia na kuvihesabu vinapotoka. Wengine walitunza unga, divai, mafuta na ubani. Wengine wangeona haya kazi gani hiyo, ya kuhesabu vikombe! Lakini Roho wa Mungu aliona vema iandikwe, nasi tuisome mpaka leo.

Kisha Mtume Paulo, anapomwandikia Timotheo, anaikumbuka imani iliyokaa kwanza ndani ya bibi yake Loisi, na ndani ya mama yake Eunike, ndipo ikakaa ndani ya Timotheo mwenyewe. Bibi, mama, mtoto. Imani ile ilipitia nyumbani, kwa watu wanaokula pamoja na kufanya kazi pamoja. Kama Loisi angaliifungia sandukuni akaenda nayo kaburini, Timotheo angaliipata wapi?

Wapendwa, hatuzungumzi juu ya vitambaa tu. Kitambaa huchakaa, na mwisho hutupwa. Tunazungumza juu ya yale tunayoyaacha nyuma yetu. Katika makanisa mengi mtatukuta tukilalamika kwamba vijana wetu wanapotea, na wasichana wetu hawaijali ibada. Tujiulize kwanza, je, tuliwahi kuwapa kazi yoyote mkononi? Au tuliwaambia, "Ondoka hapo, utavunja"? Mtu hulipenda shamba alilolilima. Binti aliyeupiga pasi mwenyewe ule weupe wa Meza, siku ya Jumapili ataitazama Meza kwa macho mengine.

Tulirudi katika parishi yetu, tukamwendea yule binti wa marehemu nyumbani kwake. Tulimkuta akipukuchua mahindi uani. Tulimwambia, "Mama, kwanza tunakuomba msamaha. Sisi ni mchungaji wako, na hatukukuona. Pili, mikono yako inafaa. Tunaomba uje Jumamosi." Alinyamaza kitambo kirefu, akiendelea kupukuchua. Kisha akasema, "Nitakuja, lakini nitakuja na mtoto wangu."

Alikuja, na msichana wake, na mke wetu akafua pamoja nao. Siku ya kwanza alipokishika kile kisahani aliketi chini akalia. Akatuambia, "Pasta, mama alinipenda. Alinilipia karo kwa kuuza mboga. Ninalolilia ni kwamba, kama angeniita hata Jumamosi moja, tungezungumza mengi." Hatukuwa na la kumjibu. Tulisali tu pamoja naye, tukamsamehe marehemu mbele za Mungu, tukaomba naye atusamehe. Baada ya hapo msichana wake akauliza, "Mama, hiki kinakunjwaje?" Kazi ikaanza.

Basi, kwa wale wanaotaka kuanza nyumbani kwao na kanisani kwao, haya ndiyo machache tuliyojifunza.

Kwanza, vitambaa vya Ushirika visilale na madoa. Siku ile ile ya Jumapili visuzwe kwa maji baridi, ndipo viloweshwe na kufuliwa kwa sabuni ya kawaida. Dawa kali za kung'arisha hula nyuzi, kitambaa kikachanika kabla ya wakati wake. Nta ya mshumaa ikidondoka, iache igande, ikwangue taratibu, kisha weka karatasi isiyo na maandishi juu na chini, upitishe pasi yenye joto kidogo, na karatasi itainyonya nta iliyobaki.

Pili, kikombe kioshwe mara baada ya ibada. Divai ikikaa ndani ya kikombe cha fedha hukiharibu. Tumia maji ya uvuguvugu na sabuni laini, kisha kikaushe kwa kitambaa laini. Usikisugue kwa mchanga, wala kwa jivu, wala kwa waya wa kusugulia sufuria, hasa kama ndani kimepakwa dhahabu. Dhahabu hiyo ni nyembamba sana, na ikitoka hairudi ila kwa gharama.

Tatu, usikunje kitambaa chenye unyevu. Kikauke kabisa, kipigwe pasi, kikunjwe, kiwekwe mahali pakavu. Na ufunguo wa sanduku ujulikane na watu wawili angalau. Huyo wa pili na awe kijana.

Nne, na hili ndilo kubwa, usiifanye kazi hiyo peke yako. Mwite binti yako. Kama huna binti, mwite wa jirani, au msichana yatima katika kanisa. Mfanye naye kazi, na mkiwa katika kazi zungumzeni. Mwambie kwa nini tunakula mkate ule na kukinywea kikombe kile. Mwambie habari za Bwana usiku ule aliposalitiwa. Akikosea, mpe kitambaa kikuukuu ajaribu tena.

Tuliahidi kuwageukia akina baba. Wazee wa kanisa, katika makadirio ya fedha ya mwaka, je, sabuni ya Meza imo? Kitambaa kipya kimo? Au mnamwachia mama mjane anunue kwa fedha yake ya mboga? Na wavulana wetu je? Walawi wale waliohesabu vyombo walikuwa wanaume. Mvulana naye ana mikono. Na sisi wachungaji, tuwajue kwa majina wanaofua vitambaa vyetu, na tuwataje katika sala mbele ya kusanyiko. Ni aibu kusimama mbele ya kitambaa cheupe kila mwezi na kutomjua aliyekifua.

Nabii Zekaria, mwishoni mwa kitabu chake, aliona siku ambayo hata vyungu vya kupikia katika Yerusalemu na Yuda vitakuwa vitakatifu kwa Bwana, sawasawa na mabakuli yaliyo mbele ya madhabahu. Tufikiri juu ya hilo, mama uliye jikoni sasa. Beseni unaloshika, sufuria unayosugua, na binti aliye karibu nawe, vyote ni vya Bwana. Anza hapo ulipo. Mwite leo.

Tuombe.

Ee Bwana Yesu Kristo, uliyewatandikia wanafunzi wako Meza, ukawaosha miguu kwa mikono yako mwenyewe, utusamehe sisi tuliovitunza vitu vyako na kuwasahau watoto wako. Utusamehe wachungaji tusioona. Wabariki akina mama wote wanaofua, kushona na kutandika mahali pasipoonekana na watu. Mponye kila binti aliyeambiwa kwamba mikono yake haifai. Utufundishe uvumilivu, ili imani iliyo ndani yetu isifungwe sandukuni, bali ikae ndani ya watoto wetu na watoto wao, hata siku ile tutakapoketi karamuni pako. Tunaomba hayo kwa jina lako takatifu. Amina.